Ombi la Kisima Hupelekwa Agosti, Si Aprili: Jinsi Bajeti ya Kaunti Inavyotengenezwa

Kila mwaka, mikutano ya bajeti inapoitwa katika wadi mwezi wa Aprili au Mei, ombi moja halikosi: "Tuchimbieni kisima." Mzee husimama akaeleza jinsi akina mama wanavyoamka alfajiri kufuata maji mtoni. Watu hupiga makofi, maafisa huandika. Julai inapofika, bajeti hutoka na kisima hakimo. Wananchi huanza kusema kuwa mikutano hii ni ya kupigia muhuri mambo yaliyokwisha kuamuliwa.

Manung'uniko hayo yana msingi. Mara nyingi ombi huwa ni la haki, ila hufika likiwa limechelewa kwa miezi minane. Makala haya yanaeleza ni wakati gani sauti ya mwananchi ina uzito zaidi, na ombi liandikwe vipi ili lisiachwe njiani.

Kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti zote 47 zinapaswa kuzifuata:

Kufikia Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo miradi ya mwaka wa fedha unaofuata hutajwa kwa mara ya kwanza. Mpango huu hutokana na Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao ni wa miaka mitano.

Kufikia Februari 28, Mkakati wa Fedha wa Kaunti huwasilishwa. Hati hii huweka kiwango cha pesa ambazo kila idara itapata: afya, maji, barabara, kilimo na nyinginezo.

Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni, yakionyesha kila mradi na gharama yake.

Kufikia Juni 30, Bunge la Kaunti huwa limeidhinisha bajeti.

Sasa mtazame yule mzee wa Aprili. Ombi lake halimo katika mpango wa Septemba, na idara ya maji iliwekewa kiwango chake mwezi wa Februari. Ili kisima kiingie sasa, lazima mradi mwingine uondolewe, na huenda huo ni wa kijiji jirani ambacho watu wake waliwahi mapema.

Hii haina maana kwamba mkutano wa Aprili hauna kazi. Ni wakati wa kuhakikisha kuwa mradi mliouomba bado umo, kwamba haujahamishiwa kwingine, na kwamba pesa zilizotengwa zinatosha. Kwa kifupi, omba kabla ya Septemba, tetea Februari, linda Aprili.

Je, ni kazi ya kaunti?

Maombi mengine hukwama kwa sababu yamepelekwa mlango usiohusika. Jedwali la Nne la Katiba limegawa majukumu baina ya Serikali Kuu na kaunti. Kaunti husimamia zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, huduma za maji na usafi, kilimo na mifugo. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu za kitaifa ziko chini ya Serikali Kuu. Darasa la shule ya msingi likiombwa katika mkutano wa kaunti litaandikwa, lakini halitapata fungu.

Ombi linalosimama

"Tunataka maji" ni kilio cha kweli, ila afisa wa mipango hawezi kukiwekea gharama. Ombi lenye nguvu hujibu maswali manne.

Kwanza, wapi? Taja kijiji na mahali hasa.

Pili, ni nani watakaofaidika? Hesabuni nyumba, shule na mifugo itakayotegemea kisima hicho, na umbali wanaotembea watu kwa sasa.

Tatu, ardhi ni ya nani? Miradi mingi hukwama hapa. Mtu hutoa kipande cha shamba kwa mdomo, kisima kinachimbwa, kisha yeye akifariki watoto wake wanafunga lango. Ardhi iwe ya umma, au yule anayeitoa atie sahihi ya kuikabidhi kabla kazi haijaanza.

Nne, nani atakiendesha? Pampu huhitaji stima, dizeli au sola, na huharibika. Kamati ya maji ielewane mapema kuhusu ada na fundi. Vivyo hivyo kwa zahanati: mkiomba jengo, ombeni pia muuguzi na dawa. Hizo hutoka katika matumizi ya kawaida, si katika fungu la maendeleo. Kwa mujibu wa sheria, angalau asilimia 30 ya bajeti inapaswa kwenda kwa maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Kwa hivyo nafasi za kuajiri wauguzi ni chache. Zahanati isiyo na muuguzi ni kuta tu.

Asiyeweza kufika mkutanoni

Mkutano wa saa nne asubuhi huwakosa wengi: mama aliye kwenye foleni ya maji, mchuuzi aliye sokoni, mwenye ulemavu asiye na njia ya kufika ukumbini. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti kurahisisha ushiriki wa umma katika shughuli zake. Si lazima ushiriki huo uwe wa kusimama na kuzungumza. Unaweza kuandika memoranda, hata kwa mkono, na kuipeleka kwa msimamizi wa wadi au kwa karani wa Bunge la Kaunti. Vikundi vya akina mama, vijana na makanisa au misikiti vinaweza kuandika pamoja. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa.

Baada ya bajeti kupita

Mradi ukiingia katika bajeti, safari haijaisha. Kaunti hutegemea kwa kiasi kikubwa mgao kutoka Serikali Kuu, na mgao huo ukichelewa, wanakandarasi huchelewa kulipwa na kazi husimama. Ndiyo maana kufuatilia ni muhimu. Kila baada ya miezi mitatu, Hazina ya Kaunti inatakiwa kuchapisha ripoti ya jinsi pesa zilivyotumika. Mdhibiti wa Bajeti naye hutoa ripoti zake kuhusu kaunti zote.

Msipoona kazi ikianza, ulizeni kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Kupeleka ombi hakulipiwi, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ulizeni mambo matatu: mradi umetengewa shilingi ngapi, kandarasi amepewa nani, na kazi inapaswa kukamilika lini. Mkiona hamjaridhika, mna haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi katika Bunge la Kaunti.

Cha kufanya sasa

Muulize msimamizi wa wadi yako au mwakilishi wadi tarehe ya mkutano wa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka. Omba uonyeshwe orodha ya miradi ya wadi yenu. Kisha, kabla ya mkutano huo, kaeni kijijini mkubaliane mahitaji mawili au matatu ya kwanza. Kijiji kinachofika na orodha ya mambo ishirini humwachia afisa kazi ya kuchagua. Kijiji kinachofika na mawili, ardhi ikiwa tayari na kamati ikijulikana, huwa kimekwisha kuchagua chenyewe.