Meli za Maziwa Makuu: Mali ya Nani, na Nani Anahesabiwa?

Tunapofundisha juu ya njia kuu za uchumi hutaja ardhi, viwanda, mabenki na reli. Meli husahauliwa, kana kwamba kwa vile maji ya ziwa ni ya wote, basi na safari juu yake haina mwenyewe. Uchambuzi wa namna hiyo haufai. Bandari ina mwenyewe, chombo kina mwenyewe, na ratiba ina mwenyewe; na ratiba ndiyo inayoamua ndizi za nani zitafika sokoni na za nani zitaozea gatini.

Mkoloni alilielewa jambo hili mapema. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za Ziwa Victoria zilifanywa mkono wa reli hiyo, wa kuzoa pamba na kahawa pande zote za ziwa na kuzifikisha kwenye mabehewa ya kwenda Mombasa. Katika Ziwa Tanganyika Wajerumani walileta Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Bwana alibadilika, mwananchi hakuulizwa.

Baadaye ikaja Victoria, iliyounganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilizunguka ziwa lote: Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli nazo ziligawanywa. Victoria na Umoja zilikuja Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na ule mzunguko ukakatika. Maji hayakupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni uhusiano baina ya wenye meli, na hapo kada anaweza kuona wazi kwamba njia ya meli huchorwa na siasa kabla ya kuchorwa na nahodha.

Upande wa Tanzania meli zilikuwa chini ya Shirika la Reli mpaka mwaka 1997, ilipoundwa Kampuni ya Huduma za Meli, makao yake Mwanza, kuhudumia maziwa ya Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kwa hiyo katika mabadiliko yote hayo meli zilibaki mali ya umma. Je, hilo lilitosha?

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Ndiyo maana idadi ya waliokufa haijapata kujulikana kwa hakika, na makadirio yanayotajwa mara nyingi yanapita 800. Tulitafakari jambo hili kwa makini. Chombo kilikuwa cha umma, lakini ndani yake mwenye nauli ndogo hakuandikwa jina. Tabaka lilikuwa limepanda meli pamoja na abiria, likakaa katika daftari la karani. Tena mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, cha wakala mwingine wa serikali, kilizama karibu na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Wako wanaosema dawa ni kuuza vyombo kwa mtu binafsi. Mtu binafsi naye hulipwa kwa kujaza, na hana sababu ya kuhesabu vizuri zaidi. Lakini sisi tunaotetea mali ya umma tusijifiche nyuma ya neno hilo. Mali ya umma isiyotengewa akiba ya uchakavu huliwa polepole na nauli nafuu. Victoria ilifika mahali pa kusimamishwa. Abiria wa Bukoba wakabaki kuzunguka kwa basi, mpaka iliporudi mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli mpya ya Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, ilishushwa majini Februari 2023. Akiba ya kuifanyia matengenezo inapaswa kuanza kuwekwa siku ya tiketi ya kwanza.

Kuhusu faida, tuitazame Liemba. Katika njia yake ya Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, vijiji vingi vilikuwa havina gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ikileta mizigo na watu ubavuni. Mhasibu ataona kituo cha hasara. Mwaka 1997 meli hiyo ilirudisha zaidi ya wakimbizi 75,000 Kongo, kutoka Kigoma hadi Uvira. Na Mei 2015 maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama Kagunga, ufukweni chini ya milima, bila barabara na bila gati, Liemba ilitia nanga nje, na mitumbwi ikaanza kuwapeleka, kama ilivyokuwa ikifanya kwa wanakijiji siku zote.