Mwanga Unaoufaa Msonobari wa Norfolk Ndani na Nje ya Nyumba

Mti unaojulikana kwa jina la msonobari wa Norfolk, ambao wataalamu wa mimea huuita Araucaria heterophylla, ni miongoni mwa miti ya mapambo inayopandwa katika bustani za mwambao wa Afrika Mashariki. Ukiwa bado mdogo hutiwa chunguni na kuwekwa maofisini, katika mapokezi ya hoteli na kumbi za nyumba. Aghlabu huletwa ukiwa mzuri wa kupendeza, matawi yake yamepangika duara juu ya duara, na baada ya miezi kadhaa hubaki shina tupu lenye kishungi kilichonyauka kileleni. Lawama hutupiwa maji, au mbolea, au mtumishi anayefagia ofisi. Mara nyingi kilichoudhuru ni uhaba wa mwanga.

Ingawa mti huu umepewa jina la msonobari, si msonobari khasa, wala haumo katika jamii ya Abies, yaani ile miti inayopambwa majumbani Ulaya mwezi wa Disemba. Miti ya Abies ni ya nchi za baridi na huhitaji majira ya baridi ili ipate kupumzika. Ikiwa hai chunguni, haifai kukaa zaidi ya siku chache katika chumba chenye joto. Msonobari wa Norfolk asili yake ni kisiwa kidogo cha Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Australia. Kapteni James Cook aliuona huko mwaka 1774 na akadhani utafaa kwa milingoti ya meli, lakini baadaye ilidhihirika kuwa mbao zake hazina uimara wa kazi hiyo. Kwa kuwa ni mti wa kisiwani, hustahamili upepo wa bahari na chumvi yake, na joto la visiwa vyetu haliudhuru.

Huko kwao mche huanza maisha yake chini ya kivuli cha miti mikubwa, na hapo ndipo panapotokea udanganyifu. Watu huona kuwa mche unavumilia kivuli, wakahukumu kuwa utavumilia na pembe ya ofisi. Kivuli cha msituni na kiza cha chumbani ni vitu viwili mbalimbali. Nje, wakati wa mchana wa jua kali, mwanga hufika kiasi cha laksi 100,000, na chini ya mti wenye majani mepesi bado hubaki maelfu. Ofisi iliyowashwa taa zake za kawaida haina zaidi ya laksi 300 hadi 500 hivi. Jicho la mwanadamu halitambui tofauti hiyo kwa sababu hujirekebisha lenyewe kila linapoingia ndani. Mtu husoma faili bila ya taabu mahali ambapo mti una njaa.

Dalili za njaa hiyo huchelewa kujitokeza. Kwanza nafasi baina ya duara moja la matawi na jingine hurefuka, na machipukizi mapya hutoka membamba na yaliyolegea. Kisha matawi ya chini, ambayo ndiyo yanayopata mwanga kidogo zaidi, hugeuka rangi na kudondoka. Tawi la mti huu likishadondoka halioti tena mahali pake, hata mti ukihamishiwa kwenye mwanga mzuri siku ya pili yake. Kwa hivyo anayengojea dalili ndipo achukue hatua huwa ameshachelewa kwa upande wa matawi ya chini.

Ipo njia nyepesi ya kupima mahali kabla ya kuweka chungu. Saa sita za mchana, taa zikiwa zimezimwa, itandazwe karatasi nyeupe pale panapokusudiwa, na mkono uinuliwe juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli cha mkono kikionekana kwa mipaka iliyo wazi, mahali hapo panafaa. Kikiwa hafifu, mti utaishi lakini hautastawi. Kisipoonekana kabisa, basi hapo liwekwe kabati.

Katika nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene na madirisha yaliyoingia ndani, kipimo hicho aghlabu hushindwa hatua mbili tu kutoka dirishani. Lakini ukumbi unaotazama ua wa ndani ulio wazi juu hufaa sana. Kuhusu upande wa dirisha, vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya husema chungu kiwekwe dirisha la kusini, na shauri hilo haliwezi kufuatwa hapa mwaka mzima. Visiwa vyetu viko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa mwezi wa Machi na tena katika wiki ya pili ya Oktoba. Baina ya tarehe hizo, kupitia Juni, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi huwa kusini. Anayependa kukumbuka kwa pepo atazame kinyume chake: upepo wa kusi unapovuma jua liko kaskazini, na wakati wa kaskazi jua liko kusini. Dirisha la mashariki ndilo lisilo na matatizo, kwani hupata jua laini la asubuhi miezi yote. La magharibi lina jua kali la alasiri, na chungu kisogezwe nyuma kidogo au pazia jepesi lishushwe.

Kila wiki chungu kigeuzwe robo duara, la sivyo mti utaegemea dirishani na umbo lake kupotea. Maji nayo hufuata mwanga: mti ulio kwenye mwanga hafifu hunywa kidogo, na anayeumwagilia sawasawa na ule wa barazani huuozesha mizizi.

Maofisini lipo jambo jingine linalosahauliwa. Madirisha hufungwa mchana wa Ijumaa na hayafunguliwi hadi asubuhi ya Jumatatu, yaani zaidi ya saa 60 za kiza, tena kila wiki. Mtumishi anayefunga ofisi aagizwe kuacha upande mmoja wa pazia wazi pale penye kioo, au chungu kihamishiwe barazani kwa siku hizo, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja.

Kuhamisha mti kutoka ndani kwenda juani kwa ghafla ni kosa la pili kwa ukubwa. Majani yaliyozoea kivuli huungua kwa siku moja tu, yakawa ya manjano na kisha ya hudhurungi. Mti uzoeshwe kidogo kidogo: wiki ya kwanza ukae kwenye kivuli cha baraza au chini ya mwembe, wiki ya pili upate jua la asubuhi hadi saa tatu, wiki ya tatu hadi saa tano, na ndipo uachwe juani siku nzima. Wakati wa masika, kwa kuwa mawingu ni mengi, kazi hiyo huwa nyepesi zaidi.

Ukishapandwa ardhini na kushika, msonobari huu hutaka jua kamili na nafasi pande zote, ili matawi ya chini nayo yapate mwanga. Ukibanwa na ukuta, upande ulioelekea ukutani hukonda. Ncha ya juu isikatwe kwa kisingizio cha kupunguza urefu, kwani matawi ya ubavuni hayasimami kuchukua nafasi yake. Huko kwao mti huu hupita mita 50, na wanaokusudia kuutoa chunguni na kuupanda uwanjani wanaombwa kuchagua mahali palipo mbali na paa la nyumba, ukuta wa jirani na waya za umeme.