Kushiriki au Kushirikishwa? Mfano wa Msitu wa Bwindi

Ripoti nyingi za uhifadhi katika kanda yetu hurudia sentensi moja: "Wananchi walishirikishwa." Makala haya yanachunguza kitenzi hicho kwa kutazama Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda.

Tuanze na sarufi. Anayeshiriki ni mtenda. Tukinyambua kitenzi katika kauli ya kutendesha tunapata shirikisha, na tukiongeza kauli ya kutendwa tunapata shirikishwa. Hapo mwananchi amekuwa mtendwa. Aliyemwingiza katika jambo ni mwingine, na mara nyingi hatajwi. Shirikiana hudai pande mbili zinazotendeana.

Bwindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wakulima wa jirani walizuiwa kuvuna mazao ya msitu, na Wabatwa, waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula humo, walipoteza tegemeo lao. Uhasama ulizuka. Ndipo katika miaka ya 1990 yakafanywa makubaliano na baadhi ya jamii zinazopakana na msitu: wakazi waliochaguliwa waliruhusiwa kuchuma mitishamba ya dawa na mimea ya kusukia vikapu, na kuweka mizinga ya nyuki katika maeneo maalumu. Aidha, Sheria ya Wanyamapori ya 1996 iliagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi ipelekwe kwa serikali za mitaa zinazoizunguka. Sheria ya 2019 iliendeleza mgao huo.

Gorila wa milimani wamenufaika: sensa ya 2018 ilikadiria 459 katika Bwindi na Sarambwe, upande wa Kongo. Je, jirani naye? Mgao ukijenga shule, kijiji kizima hufaidika. Lakini nyani wakivamia shamba, hasara humwangukia mwenye shamba peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kupokea mgao, basi, si sawa na kuwa na sauti katika kuupanga.

Tunapofundisha unyambulishaji, tuwape wanafunzi ripoti halisi, nao waulize: nani alimshirikisha nani? Katika hatua ya kuamua, au baada ya uamuzi kupita? Jibu likikosekana katika sentensi, huenda limekosekana pia kijijini.