Kisu Kilicholika

Kisu cha bibi yangu kimelika. Alipokinunua sokoni Kamembe, bapa lake lilikuwa na upana wa vidole vitatu vilivyobanwa pamoja. Leo umebaki upana wa kidole cha mwisho. Tumbo la bapa limeingia ndani, ncha imeinuka kidogo, na mpini wa mkaratusi umekuwa mweusi, unang'aa pale kidole gumba chake kinapokaa. Nikikishika mimi, mkono wangu haujui pa kukaa.

Nilikuwa sijawahi kukitazama vizuri hadi Ijumaa moja ya mwanzo wa mwezi wa nane, siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno ya kwanza hapa Rwanda. Mtoto wa baba yangu mdogo, anayeishi Ubelgiji, alikuja kula sikukuu nyumbani. Yeye hukusanya visu vya kukunja. Alitueleza kwamba huko Ulaya na Marekani wapo watu wengi kama yeye, na kila mwaka unapokwisha hukaa wakachagua kisu cha mfukoni cha jadi kilichowapendeza kuliko vyote vya mwaka huo. Kwao kisu cha jadi ni kile kinachofunguliwa kwa kucha, chenye mpini wa mfupa, pembe au mti, kama vile mababu zao walivyokuwa navyo mfukoni wakienda shambani. Hubishana juu ya mlio wa springi bapa linapofungwa, juu ya uzito wake mkononi, na juu ya mwanya mwembamba kama unywele kati ya chuma na mpini.

Akatandika kitambaa juu ya mkeka, akavipanga vitatu. Cha kwanza kilikuwa Opinel ya mpini wa mti, kisu cha wakulima wa milima ya Savoie nchini Ufaransa, alichokibuni Joseph Opinel mwaka 1890. Pembeni yake kilikaa kisu cha Uswisi cha ukoo ule alioanzisha Karl Elsener, fundi aliyeanza kulipelekea jeshi la nchi yake visu mwaka 1891. Cha mwisho kilikuwa Okapi, chenye nyota na mwezi vya bati vilivyopachikwa kwenye mti. Akamwambia bibi: "Bibi, chagua kimoja. Kipi ndicho kisu cha mwaka?"

Bibi aliuliza: "Vimefanya kazi gani?"

Swali hilo sijalisahau, kwa sababu ndani yake kuna namna nzima ya kuishi na chuma huku kwetu Rusizi, kwenye pembe hii ambayo wazee bado huiita Kinyaga. Hapa hakuna mashindano ya visu. Lakini hakuna nyumba isiyo na kisu kilichochaguliwa, na ukitaka kujua ni kipi, ingia jikoni ukitafute kile kilicholika.

Mwaka wa kisu ni mrefu. Asubuhi kinamenya ndizi mbichi, na utomvu wake unaligeuza bapa kuwa jeusi kama chungu. Jioni ni muhogo, au kisamvu kabla hakijaingia kwenye kinu. Samaki wanapopanda kutoka ziwa Kivu, hasa wale wanaoletwa na wavuvi wa kisiwa cha Nkombo, kisu hukaa mlangoni, nje, ili harufu isiingie ndani. Sambaza hawahitaji kisu, huliwa wazima, ila kamba za nyavu zao zinakihitaji: mvuvi wa Kivu anayetoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa maguzo, taa zikimulika maji, hawezi kutoka bila kitu cha kukatia. Na kila baada ya siku chache kisu hurudi kwenye jiwe. Jiwe hilo kwa Kinyarwanda ni *ityazo*. La bibi lina shimo katikati kama kiganja kilichokunjwa, kwa hiyo jiwe nalo limelika. Wamelana miaka yote hiyo, jiwe na kisu, na bibi amewashika wote wawili.

Kinyarwanda kina neno moja, *icyuma*, kwa chuma na kwa kisu, na uwingi wake, *ibyuma*, siku hizi ni mitambo pia. Neno jingine linanigusa zaidi: *uruganda*. Leo ukisema *uruganda* mtu anafikiria kiwanda, kama kile cha saruji cha Cimerwa kule Bugarama. Lakini zamani *uruganda* ulikuwa ni kibanda cha mhunzi: paa la nyasi, shimo la makaa, na kijana mmoja anayepandisha na kushusha vijiti vya mivukuto. Kila kiwanda cha Rwanda, kwa jina lake, ni mtoto wa kibanda kile.

Na kibanda kile ni cha kale mno. Katika nchi hizi za maziwa makuu watu wameyeyusha mawe ya chuma kwa zaidi ya miaka 2000. Wachimbaji wa mambo ya kale wamezikuta tanuri zao ardhini, kusini mwa Rwanda na ng'ambo Burundi. Mhunzi, *umucuzi*, aliheshimiwa kwa sababu bila yeye hapakuwa na jembe, na bila jembe hapakuwa na shamba. Masimulizi ya kifalme yanamtaja Gihanga, mwanzilishi wa ufalme, pamoja na nyundo yake, na nyundo ikawa moja ya alama za utawala. Kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ndani yake zilikuwamo nyundo za chuma. Mfalme alikuwa na ng'ombe, ngoma na majeshi, na bado alizikwa na chombo cha fundi. Jambo hilo hunifanya niwatazame kwa macho mengine wahunzi wetu wa leo, wanaokata springi za magari mabovu wakazigeuza visu na mundu, mikono ikiwa imejaa makovu madogo ya cheche.

Si kisu peke yake kilichotoka kwa mhunzi. Kwake ulitoka wembe, *urwembe*, uliochonga *amasunzu*, ule mtindo wa nywele zilizoachwa kama miezi michanga juu ya kichwa, ambao wavulana na wasichana walikuwa nao kabla ya kuoa au kuolewa. Kwake kilitoka pia *uruhindu*, sindano nene ya kusukia vikapu vya *agaseke*. Mama mmoja jirani yetu ana *uruhindu* aliyoachiwa na mama yake mkwe. Imekuwa fupi hata imebidi atie mpini mrefu zaidi. Nilipomuuliza kwa nini asinunue mpya, alisema hii inaijua njia. Nilimwelewa papo hapo.

Wanaume walikuwa na *inkota*, upanga mfupi wenye makali pande mbili, unaokaa ndani ya ala ya mti. Ukitaka kuona silaha na zana za zamani nenda jumba la makumbusho la Huye, lililofunguliwa mwaka 1989, utazame polepole. Vitu vya aina hiyo ndivyo wakusanyaji wa Ulaya huvitafuta, pamoja na vile vya ndugu zetu Washi na Wahavu wa ng'ambo ya ziwa, vyenye mipini iliyozungushiwa waya. Mafundi wa pande hizi mbili walijuana. Ziwa halikuwa mpaka. Katika karne ya 19 watu wa Kinyaga, wa kisiwa cha Ijwi na wa Bushi, nchi ya Washi, walibadilishana mbuzi, majembe na vyakula, na bangili za nyuzi zilizoitwa *butega*, kazi ya Watembo wa milima ya magharibi, zikapita mkono kwa mkono kama fedha. Jembe lililofuliwa upande mmoja lililima upande mwingine, na hakuna aliyeliuliza pasipoti.

Mpaka ulikuja na bunduki. Mwaka 1896, kule Shangi, kilomita chache kutoka hapa, jeshi la mfalme lililotegemea mkuki, upinde na ujasiri lilikutana na askari wa Dola Huru ya Kongo wenye bunduki, likavunjika. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliweka kituo chao hapo hapo. Na hapa ndipo Okapi, kile kisu cha mwisho kwenye kitambaa, kinapoingia katika habari yetu.

Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Rwanda ilikuwa mojawapo. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1901, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamempa jina la kisayansi mnyama wa misitu ya Kongo ambaye Wambuti wa Ituri walimjua tangu enzi. Kwa hiyo mtu wa Solingen, huko Ujerumani, alichukua jina la mnyama wa jirani zetu, akaligonga kwenye chuma chake, akaturudishia kwa bei. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kazi hiyo ilikoma Ujerumani. Jina na mitambo vikanunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na kisu kikawa cha Afrika kwa mahali kinapozaliwa, si kwa jina pekee. Ni kisu cha bei ndogo, cha mlinzi wa usiku na mchunga ng'ombe. Bapa lake ni la chuma kinachoshika kutu upesi na kunoleka upesi. Wakusanyaji wanakipenda kwa sababu hiyo hiyo, na katika hilo nadhani wanaona sawa.

Lakini siwezi kuandika juu ya makali nchini Rwanda nikaupita mwaka 1994. Panga ni chombo cha shamba, cha kufyekea vichaka na kukatia mikungu. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi liligeuzwa. Katika wilaya yetu hii kuna kilima cha Nyarushishi, ilipokuwa kambi ya watu walionusurika, na wapo kati yetu waliokaa pale. Ndiyo maana mtu mgeni asishangae akiona namna chuma kinavyoshughulikiwa katika nyumba nyingine. Kwetu panga hukaa chini, makali yakielekea ukutani. Kisu hakipokewi mkono kwa mkono: anayetoa hukilaza mezani au mkekani, anayepokea hukiokota kwa mpini. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Tulimwona bibi akifanya hivyo, tukafanya. Na hakuna mtoto nyumbani kwetu aliyewahi kuruhusiwa kuchezea panga, hata kwa utani, hata likiwa butu.

Kwa hiyo bibi alipouliza vile visu vimefanya kazi gani, alikuwa anauliza jambo zito. Chuma kisichojulikana kilichofanya hakiingii jikoni kwake hivi hivi.

Ndugu yangu alijibu kwa ukweli: havijafanya kazi yoyote. Ni vipya. Bibi akaomba mkungu wa ndizi.

Alivijaribu kimoja baada ya kingine, bila kutazama mipini. Kila kisu alikigusisha kwanza kwenye ukucha wa kidole gumba, kwa wepesi, kisha akamenya ndizi moja. Kile cha Uswisi alikirudisha kitambaani haraka, akasema bapa ni fupi, ganda linakatika njiani. Opinel ilimpendeza kidogo. Alisema inakata kama inavyoteleza. Okapi ilipofunguka ikatoa ule mlio wake wa meno ya chuma, akakunja uso, mlio haukumfurahisha. Lakini akamenya. Akamenya ya pili. Akamenya mkungu wote, na sisi tukikaa kimya tukitazama ganda likianguka kwa vipande virefu.

Alipomaliza, bapa la Okapi lilikuwa limeshika weusi wa utomvu, wenye mawimbi ya buluu pembeni. Ndugu yangu alinyoosha mkono achukue kitambaa, kisha akaurudisha. Akamwambia bibi kwamba wakusanyaji wenzake huutafuta weusi ule. Wengine huloweka bapa kwenye siki usiku kucha ili lionekane la kizee.

"Siki ya nini," bibi alisema, "na ndizi zipo?"

Ndugu yangu alinyamaza. Baadaye usiku, tumekaa nje, akaniambia kwamba ana visu zaidi ya mia moja kwenye makabati yake, na hakuna hata kimoja ambacho kingeweza kulijibu swali la bibi. Hakusema kwa uchungu. Nilimwambia kwamba kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri ni heshima kwa aliyekitengeneza, na mhunzi wetu angefurahi kumjua mtu anayeusikiliza mlio wa springi. Naamini hivyo bado. Kinachobaki ni kwamba mhunzi hulifua bapa hadi nusu tu, na nusu nyingine hufuliwa na anayelitumia, kwa miaka, kwa jiwe, kwa ndizi na kwa muhogo. Hiyo haiuzwi dukani, wala hapa wala Brussels.

Asubuhi yake, alipokuwa anafunga mizigo, bibi alimwita. Alikuwa ameshika Okapi, imefungwa.

"Mjukuu wangu, hiki kiache hapa mpaka mwakani."

Akakiacha. Kimetundikwa jikoni kwa kamba ya mgomba, pembeni ya kile kilicholika, na bibi hukitumia siku ambazo kile kingine kiko kwenye jiwe. Jana nilikifunga nikakitazama kwa karibu dirishani. Mpini bado una rangi ya dukani, nyota zote zipo. Ila makali yameanza kuzama ndani ya mti, kidogo tu, pale katikati ambapo ndizi hupita.