Spika ya Wati Ngapi? Siyo Swali la Kwanza

Wikiendi nafunga muziki wa magari kwa fundi mmoja mjini. Ndiko ninakopata hela ya kula boom likiisha. Wenye Hilux na pikapu nyingine wanakuja na swali moja: nichukue spika ya wati ngapi? Jamani, anzeni na redio.

Redio iliyokuja na gari kwa kawaida inatoa wati 15 hadi 20 za kudumu kwa kila spika, hata kama usoni imeandikwa 50. Ukiifungia spika ya wati 300, nguvu ya kuisukuma itoke wapi? Tazama desibeli: spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10 inasikika sawa na ya 89 iliyopewa wati 20. Hapo umeokoa hela ya amplifaya.

Kisha mlango. Bati lenye matundu linaruhusu sauti ya nyuma ya spika ikutane na ya mbele, zinauana, na besi inapotea. Yazibe, ila tundu la kutolea maji chini liache. Chanya na hasi zifanane milango yote.

Spika mbili za mbele zinatosha kuanzia. Hela inayobaki, lipia ada.