Mzazi Kandoni mwa Uwanja: Mlezi au Mwamuzi wa Pili?

Mwishoni mwa juma, jua linapoanza kupunguza ukali wake, viwanja vya shule katika miji yetu hujaa watoto wanaocheza kandanda na netiboli. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini mtu atakayesimama kandoni mwa kiwanja kimojawapo kwa nusu saa tu atagundua kwamba kelele nyingi hazitoki kwa watoto, bali kwa watu wazima. Baba anamfokea mwamuzi kwa kukataa bao. Mama anamlaumu kocha kwa kumtoa mwanawe. Mwingine anamwita mtoto wake mzembe mbele ya wenziwe, eti kwa sababu amepokonywa mpira. Na mtoto mwenyewe, badala ya kuutazama mpira, anatazama pembeni aone uso wa baba yake umekunjamana kiasi gani.

Hapo ndipo linapozuka swali: mchezo huu ni wa nani?

Mtoto wa miaka 10 hawezi kutii sauti mbili kwa wakati mmoja. Kocha amemwambia abaki nyuma alinde lango. Baba anampigia kelele apande mbele akafunge. Lolote atakalofanya, atakuwa amemwasi mmoja wao. Aghalabu mtoto wa namna hiyo huanza kuuogopa mpira. Ukimfikia huupiga ovyo, ili mradi umwondokee. Baadaye huanza kusingizia kuumwa tumbo kila siku ya mchezo, na wazazi hushangaa wasijue kisa.

Zaidi ya hayo, uwanja ni darasa. Mtoto anayemsikia mzazi wake akimtukana mwamuzi atajifunza wapi kumheshimu mwalimu, au mkubwa yeyote anayemwambia kwamba amekosea? Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kushindwa ni somo kubwa ambalo michezo humfundisha binadamu mapema na kwa gharama ndogo. Mzazi anayedai kwamba kila mara timu ya mwanawe inaposhindwa imeonewa, anamnyima mtoto somo hilo.

Mzazi asiyetaka mchezo

Wapo pia wazazi wasiofika uwanjani kabisa. Hao huuita mchezo uhuni, na mtoto akirudi na vumbi miguuni hupokewa kwa fimbo. Ni kweli kwamba masomo yana nafasi yake, na hapana mtu mwenye busara atakayemshauri mtoto aache daftari kwa ajili ya chandimu. Lakini inafaa wazazi wakumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja mambo ambayo mzazi ana wajibu wa kumpatia mwanawe, inaorodhesha chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Mchezo si zawadi ambayo mtoto hupewa mzazi anapokuwa na furaha.

Wanaoumia zaidi katika jambo hili ni watoto wa kike. Kaka akitoka shule hutupa mkoba na kukimbilia uwanjani, lakini dada yake husubiriwa na ndoo, vyombo na mdogo wa kubeba mgongoni. Kisha tunasema kwamba wasichana hawapendi michezo. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana walio chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India katika Kombe la Dunia, ikaifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Wasichana wale hawakushuka kutoka mbinguni. Kila mmoja wao alianza kwa kupewa nafasi ya kuugusa mpira. Kama kazi za nyumbani zingegawanywa sawa baina ya watoto wote, ni wasichana wangapi zaidi wangeipata nafasi hiyo?

Umri wa kubuni

Aina ya tatu ya mzazi imeongezeka siku hizi. Mbwana Samatta alipojiunga na Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, wengi walitambua kwamba mpira ni kazi yenye kipato. Kutambua hivyo si vibaya. Ubaya huanza pale mzazi anapomgeuza mtoto kuwa mtaji, akampunguzia umri katika karatasi ili aonekane hodari kuliko rika lake.

Mzazi huyo anamtwisha mwanawe uwongo ambao atalazimika kuubeba kila aendako. Tena siku hizi uwongo huo haufiki mbali. Tangu mashindano ya vijana ya dunia yaliyofanyika Nigeria mwaka 2009, FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI kutazama mifupa ya kifundo cha mkono, na mifupa haighushiwi kama karatasi. Vilevile kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Kwa hiyo mtu akibisha hodi akiahidi kumpeleka kijana wa miaka 14 Ulaya, na kuomba fedha za safari, mzazi na amshuku kwanza.

Basi mzazi afanye nini? Kazi yake ni nyingi, ila si ya kupiga kelele. Amhakikishie mtoto chakula cha kutosha, maji safi na usingizi. Aumiapo, ampeleke kwa mganga na kumzuia kucheza mpaka apone, hata kama kesho ni fainali. Amshukuru kocha, ambaye mara nyingi hujitolea bila malipo. Akiwa na malalamiko, amwone faraghani mchezo ukiisha. Afikapo uwanjani, apigie makofi mchezo mzuri, hata ukiwa wa upande wa pili.

Na mtoto arudipo nyumbani, asiulizwe kwanza kama ameshinda. Aulizwe kama amefurahi, kisha asikilizwe. Wengi wa watoto hawa hawatakuwa wachezaji wa taifa. Watakuwa mafundi, wauguzi, madereva na walimu. Lakini wote watakuwa watu wazima, na siku moja nao watasimama kandoni mwa uwanja wakiwatazama watoto wao.