Mteja Hafungui Barua Pepe Yako? Anzia Kwenye Kichwa

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongelee ule mstari mmoja ambao wengi tunaujaza mwisho kabisa, tumeshachoka, halafu tunabonyeza tuma. Kichwa cha barua pepe.

Najua wengi mnauzia WhatsApp na Instagram, na mimi nipo huko huko. Lakini orodha ya matangazo ya WhatsApp inaishia watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hoteli ya Mwanza, duka la vyakula vya asili la Dar, Mtanzania aliyeko Muscat anayetaka mzigo wa kugawana na wenzake: hao oda zao zinakuja kwa imeili. Mimi nauza asali ya miombo kutoka Tabora. Mrina asali wa Sikonge akishafikisha ndoo zake mjini anataka hela yake, hasubiri mteja wangu afungue imeili wiki ijayo. Kichwa kikisomwa leo, ndoo zinapanda treni. Kisiposomwa, hela yangu inalala stoo na mrina anampelekea mwingine.

Huku kwetu mambo ya barua kuchelewa tunayajua tangu zamani. Enzi za misafara, mfuko wa barua za Livingstone uliotumwa kutoka Zanzibar ukiwa na tarehe 1 Novemba 1870 ulikwama hapa Unyanyembe, mpaka Stanley alipoukuta mwaka 1871 akaubeba hadi Ujiji. Mwaka mzima! Ila mfuko wenyewe ulikuwa umeandikwa nje, kwa hiyo aliyeuona alijua ni wa nani na ni wa lini bila kufungua chochote. Kichwa chako kinatakiwa kifanye kazi hiyohiyo: kina nini ndani, na kwa nini leo.

Ya nani? Hilo si la kichwa, ni la jina la mtumaji. Misafara ilitanguliwa na kirangozi na bendera, watu wakaitambua kabla hawajaona mizigo. Kwenye programu ya kutumia barua kwa wengi, iwe Mailchimp, Brevo au nyingine, sehemu ya jina la mtumaji iko karibu na ya kichwa. Andika jina la biashara kama wateja wanavyolijua, na usilibadilishe kila mwezi. Ukishafanya hivyo huna haja ya kurudia jina la duka kwenye kichwa.

Na nafasi ni ndogo kweli. Simu nyingi zinaonyesha herufi kama 30 hadi 40 tu za kichwa, zinazobaki zinakatwa. Sasa ukianza na "Habari za leo mteja wetu mpendwa, tunapenda kukutaarifu kuwa", simu imeshakata na asali haijatajwa. Anza na bidhaa. "Asali ya nyuki wadogo: chupa 60 tu" inatosha. Salamu tunazipenda, lakini ziweke ndani ya barua. Halafu kuna ule mstari wa kijivu unaofuata kichwa. Usipoujaza mwenyewe, simu inachukua maneno ya kwanza ya barua, na mara nyingi ni yale ya "kama huoni picha bonyeza hapa". Weka bei au siku ya kusafirisha pale.

Tuje kwenye jina la mteja, maana hapa ndipo programu hizi zinapotupa raha na aibu kwa pamoja. Kwenye Mailchimp ukiandika *|FNAME|* ndani ya kichwa, kila mteja anaona jina lake la kwanza. Wazungu wanaoandika mafunzo yake wanasema tumia jina la kwanza, basi. Kwetu hapana. Mzee wa miaka 70 ukimwandikia "Juma, asali imefika", umemkosea adabu kabla hajafungua. Na mama mwenye watoto wakubwa hajazoea kuitwa Rehema na muuza asali. Anaitwa Mama Neema.

Dawa yake ni kutengeneza sehemu mpya kwenye orodha yako. Mimi yangu nimeiita WITO. Kwenye fomu ya kujiunga nimeweka swali, "Tukuiteje?", na mteja anajaza mwenyewe: Mzee Juma, Mama Neema, Bi Zuhura, Mwalimu, Hajati. Kisha kwenye kichwa naandika *|WITO|*, na programu inamalizia. "Mama Neema, asali ya Sikonge imefika" ni herufi 36, inaenea vizuri. Brevo na nyingine zina alama tofauti lakini kazi ni ileile. Angalia orodha ya alama ndani ya programu yako badala ya kuibahatisha, kwa sababu ukikosea alama moja mteja anapokea nyota na mistari badala ya jina.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kwanza, wapo watakaoacha wazi. Programu inakuruhusu kuweka neno la akiba. Weka "Ndugu mteja", la sivyo kichwa kitaanza na mkato peke yake kama mtu aliyesahau anachosema. Pili, kuna wanaojaza kwa herufi kubwa zote, na wanaojaza "mm ni yule wa juzi". Kaa jioni moja usafishe orodha kwa mkono. Kazi yenyewe inachosha, ila orodha zetu siyo kubwa kiasi hicho. Na usiite jina kila wiki. Ukilitumia kila tangazo, linakuwa kelele za konda wa daladala. Mimi naliweka pale ambapo habari inamhusu yeye: mzigo wake, au ile aina aliyoulizia ikakosekana.

Kinachouza kuliko jina, kwa maoni yangu, ni mji. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo kama 28, karibu sawa na mzigo aliobeba mpagazi wa Kinyamwezi kwenda pwani, na usafiri bado ni nusu ya maongezi. Mteja wa Kigoma hana shida na mzigo unaoenda Dodoma. Gawa orodha kwa mji, kila kundi lipate kichwa chake: "Mzigo wa Mwanza unaondoka Ijumaa". Lakini kwenye fomu weka orodha ya miji ya kuchagua, usiache waandike wenyewe. Ukiwaachia utapata Dar, DSM, Dsm na Daslamu, na programu itaona hiyo ni miji minne.

Kama mnauza kikundi na mnatumia Google Groups, kuna mpangilio unaobandika jina la kikundi mwanzoni mwa kila kichwa, mfano [Asali Tabora]. Kwa mazungumzo ya wanakikundi ni mzuri, unatofautisha habari za kikundi na nyingine. Kwa mauzo uondoe, umekula herufi 15 kabla hujasema neno. Na kwenye programu yoyote kagua ile barua ya kwanza ya kuthibitisha kujiunga. Mara nyingi kichwa chake kimekuja na Kiingereza, mteja anadhani ni matapeli, anafuta. Kibadilishe kiwe "Thibitisha upate bei za asali".

Ujanja wa kuanza kichwa na "Re:" ili mteja adhani amejibiwa, achana nao. Miongozo ya Gmail inaukataza, na tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi. Kwetu pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka tangazo la biashara liende kwa aliyekubali kulipokea, mwanzoni lionyeshe nani anatuma na kwa nini, na limpe mteja njia ya kujitoa. Taarifa za wateja nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, kwa hiyo hizo WITO na miji siyo za kumgawia jirani wa soko.

Wengine wataniuliza kuhusu kujaribu vichwa viwili na kuona kipi kimefunguliwa zaidi. Programu zinaweza, lakini ukiwa na watu 200 tofauti ya watu watano haikuambii kitu. Isitoshe, tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kufanya ionekane barua imefunguliwa hata kama mwenyewe amelala. Mimi nahesabu waliojibu na walioagiza, naandika kwenye daftari kando ya kichwa nilichotumia.

Kabla ya kutuma, jitumie mwenyewe kwanza, halafu fungua kwenye simu ndogo ya bei rahisi, siyo kwenye kompyuta. Azima ya dogo dukani. Mpe asome kichwa, umuulize tunauza nini na mzigo unaondoka lini. Akianza kubonyeza ili afungue ndipo ajibu, rudi ukikiandike upya.